Soli za Ndahani

Dirisha la usajili limebakiza siku nne,
na hapa Majengo, mbele ya meza yangu ya viatu,
timu imeshasajiliwa mara saba tangu asubuhi.

Chilongani kaegesha bajaji, abiria bado yumo ndani.
Anataka straika. Jitu, anasema, lenye kifua cha lori,
likiruka kwenye kona mabeki wadondoke kama magunia ya uwele.
Mwalimu Lesilwa anataka kiungo anayejua hesabu:
"Hatufungi kwa sababu hatufikiri."
Sechelela wa kahawa anataka kwanza alipwe vikombe kumi na viwili,
ndipo aseme lake: kipa.
"Huyu wenu anadaka upepo,
na upepo wa Dodoma mnaujua, hauishi."

Mimi nina sindano mdomoni. Nasikiliza.

Wao hutazama mabao. Mimi hutazama soli.
Beki mvivu humaliza kisigino.
Anayeogopa kugongwa, ncha yake hubaki mpya.
Na lile jitu la mwaka jana,
tulilolipokea kwa matarumbeta stendi ya Nanenane,
lilikuja kwangu mwezi wa tano kubadilisha kamba tu.
Njumu zote kumi na mbili zilikuwa kama zimetoka dukani.
Nikajua.
Nikanyamaza, maana siku ile ya stendi
nami nilipuliza tarumbeta mpaka midomo ikavimba.

Juzi kaleta daluga kijana wa Nkuhungu, Ndahani.
Umri wake unategemea nani anauliza.
Daluga namba arobaini na tatu, za kaka yake aliyekwenda machimboni;
mguu wake, nilipoupima Januari, ulikuwa arobaini.
Cha kushoto kimelika ukingo wa nje,
kimekonda kama kisu cha bucha.
Cha kulia kinaishi kwa kipande cha tairi
nilichokipigilia mwenyewe.
Huyu anageuka. Anageuka, halafu anageuka tena,
palepale wenzake wanapoanguka kuomba faulo.

Nikatoa sindano mdomoni:
"Mchukueni huyu."

Kimya. Kisha kicheko.
"Yule? Upepo wa Julai utamtua Manyoni," akasema Chilongani.
"Ana kipaji," akasema Mwalimu, "ila bado mbichi."
Mbichi! Mwaka wa nne huu nasikia mbichi,
na huko Hombolo zabibu zinapogolewa, zinachanua,
zinavunwa mara mbili kwa mwaka,
hakuna mkulima anayekaa barabarani
kusubiri kichala kilichoiva kishuke kwenye basi.
Hayo sikuyasema. Niliyafikiria usiku,
kama kawaida yangu, mabishano yakiwa yamekwisha.

Jioni nilipoingiza mkono kwenye daluga
nikakuta karatasi aliyojazia nchani,
gazeti lililokandamizwa na vidole likawa gumu kama kiporo.
Nikalinyoosha juu ya goti, polepole, lisichanike:
MASHINE YA MABAO YATUA DODOMA.
Na picha ya jitu letu, meno yote nje,
bega moja limeliwa na jasho la kidole gumba.

Nikacheka peke yangu, nikaendelea kushona.

Ijumaa dirisha limefungwa saa sita usiku.
Straika tumempata. Anatoka mbali,
Chilongani anajua jina lake la utani na rangi ya gari lake.
Mwalimu anasema tumpe muda.
Sechelela anasema yeye alishasema kipa.

Jumamosi Ndahani akaja kuchukua mzigo wake,
hela pungufu shilingi mia tano.
Akavaa palepale, akasimama kwenye vumbi,
akavichezesha vidole.
Nikamnyooshea gazeti jipya la kujazia,
la leo, picha ya leo, meno mengine.

Akalitazama. Akaitazama miguu yake.
"Baki nalo, fundi. Zimeshanikaa."

Akakata kona ya sokoni kwa ule mguu wa kushoto,
mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akamkwepa
upande ambao hakuwepo tena.

Ile mia tano bado namdai.