Mkalimani

Kompyuta ya zamani ilikuwa na feni yenye kelele
kama msumeno ulioshika mti mbichi.
Wafanyabiashara wa mbao wakiingia kwangu, hapa Makambako,
huuliza, "Leo unapasua magogo mangapi?"
Nacheka, napuliza vumbi la randa kwenye kibodi,
naandika: Chaula, mirunda mia mbili na kumi;
Mwalongo, mbao mbili kwa sita, risiti tatu hazisomeki.

Miaka tisa programu ya kodi imekaa humo.
Ilikuja kwa diski, na kijitabu chenye jalada la bluu.
Inajua mambo ambayo wake zao hawayajui:
nani alikopa mwezi wa nne,
nani alifunga duka akalifungua kwa jina la shemeji.

Juni, siku nane kabla ya mwisho wa kupeleka ritani,
feni ikanyamaza.
Tukasikia upepo.
Kumbe ulikuwa ukivuma siku zote.

Mpya niliifuata Mbeya, nikarudi nayo mapajani.
Nyembamba, haina feni, haina hata lile joto la mgongoni
tulilokuwa tukikaushia vidole asubuhi.
Nikaingiza programu. Ikagoma.
Mstari mmoja mwekundu, wenye adabu ya karani aliyechoka:
programu hii haiendani na prosesa hii.

Akaja Ambakisye, fundi wa karibu na stendi,
na bisibisi ambazo hakuzihitaji
na nusu chapati ndani ya karatasi ya daftari.
"Haijaharibika, dada Yudita.
Chipu hizi mpya zina lugha yao.
Programu yako inaamuru kwa lugha ya zile za zamani.
Yenyewe inasema *jumlisha*, mwenzake anasikia mluzi."
"Na walioitengeneza?"
Akapiga namba iliyo nyuma ya kijitabu.
Ikapokelewa na duka la mbolea.

"Naweza kuweka kitu katikati," akasema. "Mkalimani.
Anasikia huku, anasema kule. Ila utamvumilia, ni mzito."
Nikasema, weka.
Neno lenyewe likanikaa kooni.

Maana nami nimewahi kuwa mkalimani.
Ikonda, wodi ya wanawake, mama amelalia ubavu,
daktari kijana wa kutoka Tanga,
kila neno lake limepigwa pasi.
Mama alikuwa na Kikinga peke yake, na hakukionea haya.
Alisema kirefu. Alisema kifua chake
ni nyumba iliyoachwa mlango wazi usiku wa Juni,
na wa kuufunga wote wameshuka mabondeni kuuza,
na yeye anasikia vyombo vikigongana ndani, kimoja kimoja,
anavijua kwa sauti.
Daktari akanitazama.
Nikasema, "Anakohoa."

Saa nne usiku dirisha likafunguka, lile lile la kijivu.
Tarakimu zikaja moja moja
kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.
Ambakisye akapiga makofi. Nikamlipa, nikamsindikiza.
Kisha nikashusha mafaili ya karatasi, nikachonga penseli,
nikakikinga kikokotoo cha jua chini ya taa,
nikaanza kumkagua mkalimani.

Chaula, mirunda mia mbili na kumi: ipo.
Mwalongo: ipo, hata zile risiti tatu tulizozikisia.
Deni la mwezi wa nne, duka la shemeji.
Mpaka jogoo wa kwanza natafuta alichokiacha.
Sikukiona. Hakuacha hata senti.

Asubuhi nikapeleka ritani, zikapokelewa.
Chaula akaingia na baridi yake.
"Kamwene! Mbona kimya humu, kama msibani?"
Nikamwambia za siku hizi hazipigi kelele.
Nikaweka mikono kwapani.
Alikuwa ameacha mlango wazi, karatasi zinapepea,
vikombe vinagongana kwenye sinia.
Nikainuka, nikaufunga.