Koti la Dobi

Shamsa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari.
"Haya, Babu, toa hukumu."
Ijumaa, Mwananyamala, umeme umerudi sasa hivi
na feni inaanza kukohoa kabla ya kuzunguka.

Wa kwanza ni Dogo Sumaku.
Bwawa la kuogelea, mabinti saba, hakuna anayeogelea.
Gari jekundu limeegeshwa kando, halisogei.
"Bebi" ameitaja mara thelathini na moja.
Nimehesabu. Mimi nimetunga miaka arobaini,
ubahili wa maneno haunitoki.
Lakini ile ngoma ya chini,
inayochelewa kidogo, makusudi,
kama mpangaji anayelipa kodi tarehe tano,
ile irudie.
"Si umesema takataka?"
Maneno ndiyo takataka. Ngoma haina kosa.

Wa pili analia kwenye mvua.
Mvua ya mpira wa bustani:
aliyeushika kasalitiwa na kivuli chake ukutani.
Na sauti wameipitisha kwenye mashine
hadi imekuwa nzi ndani ya chupa.
Ruka.

Wa tatu, Pili Kokoto.
Gerezani, kwa wachomelea mageti.
Cheche zinaruka, yeye kakalia ndoo iliyopinduliwa,
haimbi bado. Anavuta pumzi,
na pumzi yote wameiacha, hawakuikata.
Kisha, taratibu, kama anadai deni dukani:
*Umenikopa usingizi, nirudishie hata lepe.*

Nikaweka kikombe chini.

Lepe!
Neno hilo nililala nalo wiki nzima,
tukiwa na bendi yetu ya Mawio, pale Ilala,
nikalitafutia mstari wa kukaa, nikakosa,
nikalitupa na karatasi yake.
Leo mtoto wa juzi kalikalisha kwenye ndoo.
Wivu? Ndiyo, wivu.
Kwa umri wangu wivu ni dalili ya afya,
daktari wa Amana hajanipa nyingine.

Shamsa anarudi kwa Sumaku, hajamaliza naye:
"Na lile gari la kukodi, Babu. Kila mtu anajua.
Laki mbili kwa siku."
Nikafungua mdomo nicheke,
jicho likagonga picha ukutani.

Wanaume tisa, makoti meupe.
Ngwilizi na gitaa, Lupandisha na saksafoni,
mimi pembeni, kidevu juu kama mwenye nyumba.
Makoti yale yalikuwa ya watu.
Kanji, dobi wa Mtaa wa Sikukuu,
alituazima Jumamosi jioni yakiwa yamepigwa pasi,
Jumapili usiku tunarudisha yafuliwe upya.
Langu lilikuwa la bwana mmoja wa benki,
mabega mapana, nikiyabana kwa pini,
na kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

Usiku mmoja bwana wa benki akaja dansini.
Akacheza na mkewe mpaka mbele ya jukwaa,
akaniangalia usoni,
akaangalia kifungo.
Mimi naimba, pini zinanichoma, beti nimesahau,
narudia kiitikio kile kile mara tano,
watu wakadhani ni ufundi.
Akapanda. Akatoa noti ya shilingi kumi,
akanitunza: akaitia, polepole,
katika mfuko wa koti lake mwenyewe,
akaupigapiga mfuko, akashuka.

Koti nililirudisha kwa Kanji.
Noti sikurudisha.

"Babu, mbona kimya?"
Rudisha ile ya bwawa, mjukuu wangu.
Sasa simsikilizi, namtazama mikono.
Anaegemea gari jekundu, anacheka, meno yote nje,
lakini mlango kaugusa kwa ncha za vidole tu,
kama aliyeambiwa: ukilikwaruza, utalilipa.

Kijana ana kitu.
Yale mabebi tu, apunguze.