Mpini

Nilifunzwa kuhesabu, chuma na unene wake,
Kila jibu na sababu, kila kona pembe yake,
Kosa dogo ni adhabu, na sufuri haki yake,
Mashine haina mtu, ina meno na mizani.

Nikaunda ya karanga, ya kumenya kwa haraka,
Chuma nikakiviringa, mpini ukazunguka,
Saa moja nikilenga, kilo sitini kutoka,
Mashine haina mtu, ina meno na mizani.

Hapo ndipo mizani ilipokatika.

Ilikuwa Jumapili, Kibuye, soko limefura.
Nilikwenda kuona kazi yangu ikinisifu.
Nikakuta Mama Apondi ameufunga mpini
kwa kipande cha leso kuukuu na ukanda wa tyubu ya baiskeli,
mzingo juu ya mzingo,
kama mtu anayefunga kidonda.

Niliona haya kwa niaba ya chuma.
"Mama, nani amekuharibia mashine?"
Akatazama kiganja chake, si mashine.
"Hakuna aliyeharibu. Ilikuwa inaniuma."

Inaniuma.
Miaka mitatu darasani
sikupewa kipimo cha neno hilo.
Hakuna herufi ya Kigiriki inayolisimamia.

Nikatoa kalipa mfukoni, maana ndiyo sala niliyoijua.
Milimita ishirini na tano, nilipoacha mimi.
Arobaini na moja, alipofikisha yeye.
Wala halikuwa duara:
upande wa kidole gumba palikuwa na bonde,
kwa kuwa kidole chenyewe kiliwahi kuvunjika
na hakikuunga sawa.

Sasa mimi nilikuwa nimemchorea nani?
Mtu mwenye vidole kumi vizima,
asiyetoa jasho, asiyenyonyesha huku akizungusha.
Sijawahi kukutana naye.

Nikachota udongo kandokando ya mto Kibos,
nikaubeba kwa mfuko wa unga hadi hosteli.
Nilifinyanga nikishika, nikashika nikifinyanga,
nikifumba macho, nikikunja kidole gumba
hadi kikauma kama chake.
Nanjala, ambaye tunalala chumba kimoja,
alihesabu mipini kumi na saba dirishani
akauliza kama nimeanza dini.

Baba akapiga simu kutoka Mumias.
Alikuwa fundi wa mitambo ya sukari
hadi siku mitambo iliponyamaza.
"Injinia wangu, nasikia umeacha vyuma, unachezea matope.
Mshika mpini hafi njaa,
nawe unauachilia wako."

"Baba, huohuo ndio nilioushika."

Kimya.
Nikasikia mvua juu ya mabati ya kwetu.
Kisha, polepole, kama anayeungama:
"Ile spana namba kumi na tisa ya kule kiwandani
ilinitoa malengelenge miaka tisa.
Siku zote nilidhani
mkono wangu ndio mbovu."

Hesabu sijaitupa. Nani atupe jembe kwa kuwa amepata jungu?
Bado najua chuma kitapinda wapi, na lini.
Ila siku hizi, kabla ya penseli,
naomba kwanza mtu anipe mkono,
nami huchelewa kuurudisha.

Fomu ya kuhama nimeijaza.
Jina: Rispa Khasandi.
Kutoka: uhandisi wa mitambo.
Kwenda: usanifu wa bidhaa za viwandani.
Sababu: wameacha mistari miwili.

Nimeandika, Ilikuwa inamuuma.

Karani amesoma, akaisoma tena,
akasema haitoshi,
nikajaze na mstari wa pili.

Nimerudi Kibuye kuutafuta.