Kidole Kwenye Unga

Kwenye redio ya jirani wanabishana tangu alfajiri:
iruhusiwe, isiruhusiwe.
Mmoja ataja kodi, mwingine ataja dini,
wa tatu asema ng'ambo huuzwa dukani, na risiti wapewa.
Mimi nasukuma mahamri.

Mwanangu Swabri alikuwa na miaka kumi na sita
alipoanza kugeuza vioo, uso ukutani.
Hatukuuliza.
Kisha akaficha vijiko,
maana kila kijiko, alisema, kina mtu kichwa chini
na mtu huyo anamjua.
Usiku wa tatu akapanda kiti, bisibisi mkononi,
aifungue feni: ilikuwa ikimwita jina lake
na la baba yake.

Majengo nzima wakanena jini.
Nikafukiza ubani, nikamsomeshea.
Naye misokoto alikuwa nayo ndani ya soksi,
mmoja wa asubuhi, mmoja wa kutoka shule,
wa tatu wa kuituliza hiyo miwili.

Polisi wakamkuta nayo, wakamlaza ndani siku mbili.
Alirudi na sauti mpya kichwani, ya kiaskari.
Basi msinambie pingu ni dawa.

Nikavuka naye Makupa hadi Portreitz.
Daktari, kijana mwenye kalamu ya kuazima,
akasema: Mama, ubongo huchelewa kukomaa,
hata ndevu huutangulia.
Hilo, baba, nalijua.
Unga usioumuka hautiwi kwenye mafuta ya moto.

Lakini walivuta wanne, nikamuuliza.
Watatu wazima. Nuhu yuko chuo,
hupita kununua kumi na mbaazi,
hunipa shikamoo nikashindwa kumtazama.
Karai moja, moto mmoja:
kuna hamri lifurao, kuna linywalo mafuta.
Nani angejua lipi?
Daktari akaazima kalamu tena, akaandika vidonge.

Nyinyi wa redioni, mkipitisha, mkikataa,
mwenye kuuza na aulize umri.
Na mwenye kukamata pia.

Leo Swabri yuko jikoni. Vidonge vimemnenepesha,
mikono yatetemeka,
lakini hiliki anaitwanga vizuri.
Vioo viwili nimevigeuza, cha tatu bado.
Afunua kitambaa, abonyeza unga kwa kidole:
Mama, tayari?

Twakiinamia kile kishimo, mimi na yeye,
tuone kama kitajaa.