Hesabu ya Balbu

Mimi ndiye mlinda mtambo. Usiku nalala na ngurumo yake
kama wengine wanavyolala na mkoromo wa mwenzi.
Kilowati kumi na nane, si zaidi. Mto umetoa ulichonacho,
na mto, tofauti na benki, hautoi mkopo.

Saa moja jioni ndiyo ilikuwa saa ya aibu.
Pasi juu ya sare za shule,
redio ya Sanga ikishindana na redio ya Mbilinyi,
taa zikififia, zikiwa nyekundu
kama macho ya mtu aliyeamka na ulanzi kichwani.
Kisha giza. Kisha jina langu
likitukanwa kutoka mtaa wa juu hadi zahanati.

Tukakaa kikao. Wakasema: tuuze misindano,
tununue mtambo wa pili.
Mto wa pili tutaununua wapi, hakuna aliyeuliza.
Ila Tulizo Chaula, mshona nguo,
asiyependa kusema mbele ya wanaume wenye makoti,
alisimama, sindano bado imechomekwa kwenye kola:
"Kabla sijakata kitambaa kipya,
huwa napima kilichoanguka chini ya meza."

Basi nyumba hata nyumba, yeye na ndoo, mimi na daftari.
Andika: baa ya Mahenge, friji mbili, mpira wa mlango umechanika,
baridi yote inamwagika sakafuni. Hapa Makete, mwezi wa sita,
ambapo jalidi hupoza bia bure!
Andika: kanisani, balbu kumi na nne za wati mia,
zinamwangazia Mungu siku saba, nasi tunakwenda siku moja.
Andika: vifaranga wa Otmari chini ya taa.
Hao tuliwatengenezea sanduku la kuta mbili, katikati unga wa mbao,
wakalala humo kama watoto wa tajiri.

Ndoo ikajaa. Nyumba moja tu ilikataa.
Zabroni Luvanda, mlangoni, mkono kwenye fremu:
"Hii siitoi."
Tukaingia. Balbu ilining'inia chini mno,
shubiri tatu tu juu ya kitanda cha mama yake,
na mama ameinyooshea viganja.
Haikuwa taa. Ilikuwa jiko.

Tulizo hakusema neno. Alipitisha kidole ukutani
akaukuta upepo kabla mimi sijauhisi:
ufa kati ya tofali na dirisha,
na juu bati tupu, pasipo dari.
Kesho yake tulirudi na udongo, magunia,
mianzi, na nyasi kavu za kulaza juu ya mianzi.
Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Hawajasema kwamba wengine hujenga bwawa zima.

Siku ya nne Zabroni alikuja mwenyewe mtamboni,
balbu ameifunga ndani ya kitenge kama yai.
"Mama analalamika joto," akasema.
Akacheka, akajifuta pua, akapanda mlima.

Sasa ni Oktoba. Mto umekonda,
mawe yake yametokeza kama mbavu.
Ng'ambo ya bonde umeme wa gridi umekatika tangu Jumanne,
vibatari vimerudi madirishani.
Kwetu friji ya chanjo haijalia,
mashine ya kusaga inanguruma mchana kutwa,
na jioni, kila mtu yupo nyumbani, daftari linasema:
mto unatoa kumi na mbili,
tunakula kumi na moja.

Wageni huniuliza mtambo mpya uko wapi.
Nawapeleka kwa Luvanda, nawaonyesha dirisha,
udongo umekauka, una alama za vidole vya Tulizo.
Wananitazama kama mlevi.

Usiku, ile moja iliyobaki naifungulia lango la pembeni.
Inateremka mawe kwa mawe, haina kazi yoyote,
na mimi, ambaye miaka yote sikuwahi kuwa na maji ya ziada,
nazima taa yangu, nakaa kuisikiliza.