Matundu

Tulishuka kutoka Kondele saa kumi na mbili na nusu,
mimi na Ogweno,
baiskeli mbili, breki nzima moja.
Nyuma ya daftari la hesabu alikuwa amechora ufuo wa Kisumu
na misalaba mitatu.
"Ngome," akasema. "Za vita vya Mjerumani."
Mimi nilidhani ngome ni mambo ya Mombasa.

Ya kwanza inachaji simu.
Mwenyewe amepitisha waya
pale palipotokea mdomo wa mzinga;
shilingi ishirini, betri ijae isijae.

Ya pili gugumaji limeimeza.
Ogweno aliingia, akazama hadi magotini,
akapiga teke kitu kigumu, akapiga ukemi.
Tukaandika: ipo.

Ya tatu iko Dunga, mwisho wa njia ya miiba,
kuta zake nene kama mkono wangu, kiganja mpaka bega.
Juu ya paa Apondi ameanika omena.
"Saruji hii hushika jua," alisema,
"ikifika saa nane zimekauka kau."
Akauliza tunapima nini.
Tukamwambia: hapa walimngoja Mjerumani.
"Akaja?"
Hapa, hakuja.
Akazigeuza omena kwa ufagio, taratibu, upande hadi upande.
"Mgeni hakufika, nyumba imebaki.
Na kokoto alibeba nani?"

Ogweno alifunga daftari.

Ndani, kwenye harufu ya popo, tulitafuta jina.
Kuna herufi mbili za afisa, zimechongwa kwa ustadi,
na tarehe.
Chini yake, karibu na sakafu,
alama ya kidole gumba,
cha mtu aliyeegemea ukuta ukiwa mbichi.
Nikaweka changu. Hakikuingia.
Kilichoacha alama kilikuwa kidogo,
kama cha mtoto wa darasa la tano.

Kutoka nje, gurudumu langu la nyuma limelala.
Kwenye shimo la mzinga mvua ya juzi imetuama;
Ogweno akaizamisha tyubu humo, akaizungusha,
sote tumeinama kimya
kama askari wa zamu.
Mapovu.
"Huyo adui!" Apondi akacheka kule juu.
Mwiba wa mgunga, mfupi kuliko ukucha.

Kiraka kilipokuwa kinakauka nililichukua daftari,
na kando ya msalaba wa tatu,
badala ya urefu na upana,
nikabonyeza gumba langu lenye grisi.