Kuruka Sahani

Tumekaa mezani, mimi na Hrachia,
kalamu moja, nyuma ya bili ya gesi,
tunachagua tutakavyooana.

Mkate, nikasema, uandike wa kwanza.
Ule mwembamba, mpana kama taulo,
mama yake atutandikie mabegani tukiingia,
kisha kijiko cha asali, yeye, halafu mimi.
Hrachia kacheka: asali ya mjomba wake
haikosi nyuki waliofia humo.
"Watakuwa mashahidi."
Tukaandika.

Uzi mwekundu na wa kijani, padri aufunge shingoni:
ndiyo. Ingawa kati yetu hakuna anayejua
wekundu ni wa nini, ukijani ni wa nini.
Nilimwuliza padri. Akanipa majibu matatu,
yote mazuri, nikajua naye hajui.
Tukaandika hata hivyo. Kuna vitu mtu huvaa kwanza,
maana ikaja nyuma yake, ikihema.

Zumari na ngoma mlangoni: ndiyo,
ila si kabla ya saa nne,
jirani wa ghorofa ya tatu huoka mikate usiku kucha.

Tufaha jekundu: hapana.
Lile wanawake wanalompelekea mama yangu
asubuhi ya pili, kumjulisha
kwamba mzigo ulifika na lakiri yake.
Nililikata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.
Wifi akapiga simu. "Mwacha mila ni mtumwa."
Mtumwa wa nani? nikamwuliza.
Akanyamaza, nikamsikia anawasha birika.
Mwambie mama yako, nikasema, tufaha nitalila.

Zikabaki sahani.

Maharusi wakifika kizingitini
huwekewa sahani mbili chini, wazivunje kwa kisigino.
Anayetangulia kuvunja, ati, ndiye atakayetawala nyumba.
Vijana hupiga makofi. Kwenye video hupendeza.
Nilikuwa nimeshaandika nusu ya neno
nikasikia bibi Arpenik ameacha kumenya viazi.

Hakusema kitu. Bibi hasemi habari za Desemba ile.
Tunachojua tumekiokota vipande vipande:
saa tano na dakika arobaini na moja asubuhi,
sufuria ya kabichi jikoni,
na jina la mvulana ambalo hatumpi mtoto yeyote.
Mara moja tu aliwahi kusema,
akiongea na sinki, si nasi:
"Zilianza sahani. Kabla ya kuta, sahani."

Hrachia akaniangalia. Nami nikaiangalia kalamu.
Kama kuvunja vyombo kungeleta baraka
Gyumri yetu ingekuwa peponi.

Bibi akainuka, akaenda chumbani kwake.
Tukasikia droo, tukasikia gazeti likikunjuliwa.
Akarudi na sahani ya ua la buluu,
ukingo umemeguka kama jino la mtoto.
"Zilikuwa kumi na mbili," akasema. "Za harusi yangu."
Akaipangusa kwa aproni, na vumbi haikuwa nalo.
"Iwekeni kizingitini. Msiivunje. Mruke."

Basi tumeandika: kuruka sahani.
Mila hiyo haipo popote.
Wageni wakiuliza, tutasema maana yake nini?
anasema Hrachia, ambaye hupenda mambo yanyooke.
Tutawapa majibu matatu, nikamwambia, kama padri.

Ila gauni langu ni refu, na miguu yangu mizito.
Tangu jana nafanya mazoezi ukumbini, chini ya ngazi,
kwa sahani ya plastiki,
pindo nimelikusanya mikono yote miwili,
naruka, natua, narudi, naruka,
na bibi ameketi kwenye kidato cha nne
na beseni lake la viazi, hanioni huruma.

"Umeigusa," anasema. "Rudia."